Nilivyotafuta vibanda viwili Mbala, Zambia, ili mama mkwe asilale bati moja na mimi

Wakuu, salaam kutoka Mpanda. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaamkia.

Mimi ni msomaji wa humu wa miaka mingi, nachangia mara moja moja kwenye nyuzi za safari. Leo nina la kwangu. Picha sina, maana mhusika mkuu hapigwi picha na mkwe wake. Ila yote yametokea kama ninavyoyaandika, na nikiongeza chumvi nitaumbuka, maana mke wangu naye yumo humu kwa jina ambalo hajawahi kuniambia.

Kidogo kuhusu mimi ili tuende sawa.

Mzaliwa wa Usevya, Mpimbwe. Shule niliishia form four. Umri umeshavuka arobaini. Kazi yangu ni kufunga sola, leo niko Kibaoni, kesho Mamba, keshokutwa nimeitwa na mfugaji porini anataka taa tatu na sehemu ya kuchajia simu. Mguu wangu hautulii toka utotoni. Nikipata nafasi navuka mpaka. Nimefika Bujumbura, nimefika Kalemie, Zambia ndiyo usiseme.

Na nikisafiri silali hoteli kubwa. Siyo kwa ubahili, ni ugonjwa tu. Mimi nimekulia kwenye guest za zamani, zile za vyumba vinne na ua katikati. Beseni la enameli lenye ua jekundu. Kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto. Daftari kubwa la wageni, unajaza jina, kabila, utokako na uendako, halafu mwenye nyumba analisoma mbele yako na kusema, "Aaa, Usevya! Namjua mjomba wako." Asubuhi anagonga mlango, maji ya moto tayari.

Siku hizi kila mji ni vigae vinavyoteleza na runinga imetundikwa juu kama msalaba. Mhudumu hata hajui unatoka wapi. Ndiyo maana nikiwa ugenini natafuta sehemu ndogo, ya mtu, yenye maua na kuku. Huwa nazipata. Najivunia hilo, wakuu, kuliko hata hizo sola.

Sasa tuje kwa mama mkwe.

Mke wangu, Skola, kwao ni Wafipa wa upande wa Kalambo, karibu na mpaka. Wazazi wake walihamia Mamba zamani kufuata mashamba ya mpunga. Mama yake ni mjane, mkatoliki safi, hakosi jumuiya. Na kwenye mambo ya ukwe hana utani hata kidogo.

Mkwe wa kiume na mama wa mke hawapeani mkono. Hawali mezani pamoja, na bora zaidi wasionane kabisa wakitafuna. Hawaongei ana kwa ana. Hawatumii bafu moja wala choo kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Na kubwa kuliko yote, hawalali chini ya paa moja.

Miaka kumi na nane ya ndoa, wakuu. Nikienda Mamba nalala kwa jirani. Yeye akija Mpanda, nahamia kwa rafiki yangu fundi seremala, ambaye akiniona na begi anasema tu, "Mama yako kaja?"

Kuongea tunaongea, ila kupitia Skola. Mama anamwambia Skola, Skola ananiambia mimi, hata kama tuko hatua kumi na wote tumesikia. Skola akiwa hayupo, mama anaongea na kitu. Siku moja aliuambia mtungi, "Wewe mtungi, mwambie Baba Deo mbuzi wamekata kamba." Nikakimbia kufunga mbuzi, nikaujibu mtungi, "Mwambie nimewafunga." Deo ni mtoto wetu wa kwanza.

Tumeishi hivyo kwa amani tele. Sijawahi kugombana na mama mkwe. Nani humu anaweza kusema hivyo?

Basi mwaka huu, wakati wa mavuno ya mpunga, ikaja sauti kwenye WhatsApp kutoka Zambia.

Mama ana dada yake mmoja tu, mkubwa wake, aliolewa Mbala mama akiwa bado mtoto. Hawajaonana miaka mingi sana, yaani tangu mazishi ya mama yao. Yule dada mtu alikuwa anasema hivi: "Mdogo wangu, jicho la kulia limeshafunga. La kushoto naona kama kuna moshi. Njoo nikuone wakati bado naona."

Skola anasema mama aliisikiliza ile sauti mpaka simu ikazima chaji.

Kusafiri alikuwa aende na Skola. Mke wangu ni muuguzi, likizo ikakubaliwa, halafu mwenzake akajifungua mapema na likizo ikafutwa. Shemeji zangu wote walikuwa mashambani, mpunga unavunwa, ukiuacha ndege wanaumaliza. Mwenye nafasi, mwenye pasipoti, anayeijua njia, nikabaki mimi.

Kikao kikakaa Mamba. Mimi nilikuwa nje, dirishani. Nikamsikia mama akisema, "Sawa, aje. Lakini mwambieni heshima ibaki pale pale. Nikiona mambo hayaendi, nageuza. Dada yangu atanisamehe."

Nikajua hajasema utani. Huyu mama aliwahi kugeuza toka harusini kwa sababu viti vilipangwa vibaya.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja. Nimfikishe mbele ya dada yake kabla jicho halijafunga, bila kumpa sababu ya kugeuza.

Tukapanda basi alfajiri Mpanda. Yeye siti ya mbele nyuma ya dereva, mimi siti ya mwisho kabisa na kiroba cha mchele wa zawadi. Tumevuka Sitalike, abiria wanachungulia viboko, simu ikaita. Skola.

"Baba Deo, mama anasema funga dirisha, upepo unampiga mgongoni."

"Mwambie sawa."

Baada ya dakika mbili: "Anasema umefunga sana. Acha kidogo."

"Skola, mimi niko kazini au safarini?"

"Na mimi niko wodini! Anasema pia acha kuongea kwa sauti, watu wanageuka."

Tumekwenda hivyo mpaka Sumbawanga. Pale mama ana ndugu, akalala kwao, mimi nikajitafutia guest. Kesho yake tukashika gari la Matai hadi mpakani Kasesya.

Mpakani afisa akatutaka tusogee wote dirishani. Mama akabaki nyuma ya nguzo. Afisa akaniuliza, "Mko pamoja au hamko pamoja?"

Nikasema, "Tuko pamoja, ila hatuwezi kuwa pamoja."

Akatazama karatasi, akamtazama mama alivyojifunika kitenge, akatabasamu. "Mkwe?" Nikasema ndiyo. "Toka basi, aje yeye peke yake." Mtu mwelewa sana.

Tatizo likaanza upande wa pili. Laini ya mama ikafa kabisa, na yangu ikawa inashika kwa kubahatisha. Skola hatukumpata tena. Tukawa mabubu wawili ndani ya gari moja la kwenda Mbala, na kiroba cha mchele katikati.

Nilikuwa sina wasiwasi lakini. Nilishafanya booking kutoka Mpanda, lodge ndogo nzuri, picha zake maua mpaka getini. Vyumba viwili, kimoja mwanzo wa korido, kingine mwisho. Kila kimoja self-contained, choo chake na bafu lake. Nikajipongeza. Nikasema hapa mama atakubali kwamba mkwe ana akili.

Tumefika. Picha hazikudanganya, maua yalikuwepo. Mama akasimama getini, hakutazama maua. Akatazama juu.

Dada wa mapokezi akaja na tabasamu. Kifipa cha mama na Kimambwe cha pale vinasikilizana kiasi, akamuuliza kitu. Yule dada akanigeukia na kunieleza kwa Kiingereza cha taratibu. Mama yenu anauliza kama bati ni moja. Je, mmekuja kununua mabati?

Wakuu, na mimi nikatazama juu. Nilifikiria vyoo, nilifikiria milango, nikafikiria mpaka sabuni. Paa sikulifikiria! Lodge nzima ilikuwa jengo moja refu, bati moja la bluu kutoka chumba namba moja mpaka namba nane.

Mama akaweka begi chini, akakaa juu yake, akakiambia chungu cha maua, "Wewe ua, mwambie Baba Deo aulize magari ya kurudi mpakani yanaisha saa ngapi."

Kwa dada yake ilikuwa tumepanga kesho yake, Jumapili baada ya misa. Mtaulizana kwa nini asilale huko. Dada mtu anaishi na binti yake na mume wa binti, nyumba ya vyumba viwili. Na mume wa binti wa dada yako ni mkwe wako pia. Kwa hiyo hata huko, bati lile lile.

Nikaliambia lile ua, "Mwambie mama anipe muda kidogo. Nikishindwa, mimi mwenyewe nitamtafutia gari la kurudi."

Ua likakaa kimya. Mama akasema, "Mwambie asichelewe. Baridi hii siyo ya watu."

Ni kweli Mbala iko juu, mwezi wa sita ni baridi kali, na mama ametoka bondeni Mamba ambako hata shuka ni la mapambo. Yule dada wa mapokezi, Mungu ambariki, akamletea chai hapo hapo nje. Wazambia saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Hiyo saa moja ya bure niliishukuru kama mvua.

Nikaingia mtaani.

Kwanza nikakimbilia parokia, nikijua mapadri na masista huwa na nyumba za wageni zilizotengana. Zilikuwepo, safi, mabanda mawili mbalimbali, nikaanza kushukuru. Sista akaniambia chakula ni pamoja, meza moja ndefu, kengele ikigongwa wote wanaingia. Halafu kulikuwa na semina ya vijana, kilichobaki ni vitanda viwili kwenye banda moja. Nikashukuru, nikatoka.

Nikaulizia guest tatu nyingine. Kila nikifika natazama juu kwanza. Bati, bati, bati. Mlinzi mmoja akaniuliza kama mimi ni fundi wa paa.

Ndipo nikakumbuka kanuni yangu mwenyewe, ambayo kwa kihoro nilikuwa nimeiacha Mpanda. Sehemu nzuri ya kulala haiulizwi kwa watu wa guest. Inaulizwa kwa mama anayekaanga kitu barabarani, kwa sababu huyo anamjua kila mtu anayepita asubuhi na uso wa kulala vizuri.

Nikamkuta mmoja karibu na soko, anakaanga vitumbua, na wao wanaviita hivyo hivyo. Nikanunua viwili. Sikumuuliza guest. Nilimwambia tu, kwa Kiswahili na Kiingereza changu cha kuunga, nina mama wa mke wangu amekaa juu ya begi na nyumba zote hapa zina paa moja.

Aliacha kugeuza vitumbua. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akamwita mwenzake wa nyanya, akamsimulia, naye akacheka. Halafu akaninyooshea kidole kuelekea upande wa ziwa, lile dogo lililo pale pale mjini. Akasema nenda kwa Bana Mulenga. Huko maana yake Mama Mulenga.

Wakuu, nikiwaambia nilikimbia, niamini.

Ni uani tu kwa mtu. Uzio wa mipera. Nyumba ya mwenyewe mbele, na nyuma yake vibanda vitatu vya duara vya tofali, vimepakwa chokaa, vimeezekwa nyasi. Kuku, mtoto wa mbuzi, karanga zimeanikwa kwenye mkeka. Hakuna kibao wala namba ya simu ukutani. Mtandaoni usingepapata hata ungetafuta mwaka mzima.

Bana Mulenga ni mama wa makamo, kavaa sweta mbili. Amefanya biashara ya vitenge Sumbawanga miaka mingi, Kiswahili anacho, cha sokoni.

"Uko na nani?" akaniuliza.

"Na mama wa mke wangu."

Hakuuliza swali la pili. Akaanza kutembea, ananionyesha kwa mwiko aliokuwa nao.

"Mama analala hii ya nyuma, mlango unaangalia kule mipera. Wewe ile, mlango unaangalia barabara. Choo ya mama hii. Yako kule, mbali. Chakula ya mama napeleka mimi. Wewe unakula kwa baraza yangu, unageuka huku, hivi, unaona? Akitaka kusema kitu anasema kwa mimi. Asubuhi yeye anaoga kwanza, nikipiga sufuria ndiyo wewe unatoka."

Nilitamani kumkumbatia. Nilisafiri nchi nzima na hofu ya kuelezea mila yetu kwa wageni, kumbe nimeingia kwa watu wanaoijua kuliko mimi!

Nikamrudia mama. Alikuwa bado juu ya begi, chai ya tatu. Tukaongozana, yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma na kiroba kichwani.

Mama aliukagua ule ua kama bwana afya. Akazunguka kibanda chake. Akazunguka changu. Akahesabu hatua katikati. Akachungulia choo. Mwisho akatazama juu, paa la kwanza, halafu la pili, na nafasi ya anga iliyokuwa katikati yao.

Akasema neno moja, "Nyasi." Akaingia ndani na begi.

Bana Mulenga akaja kwangu na ujumbe rasmi. "Mama anasema kiroba ya mchele uweke mahali pakavu."

Nilikaa pale chini nikacheka peke yangu.

Kuhusu hiyo sehemu ningeweza kuandika uzi mzima. Kitanda kina blanketi tatu na foronya iliyofumwa kwa mkono. Jioni unaletewa mbaula, ndiyo jiko lao la mkaa, unaota moto mlangoni. Nilikula chikanda, kitu kama keki ya nyama ila hakina nyama, ni mizizi ya porini na karanga. Asubuhi jagi la enameli lina maji ya moto, limefunikwa na sahani. Nililishika lile jagi nikaona utoto wangu wote wa guest za barabarani. Sikujua kama mtu mzima anaweza kufurahishwa na jagi.

Jumapili tukaenda kwa dada mtu. Bana Mulenga alitusindikiza, maana bila mkalimani tungekwama.

Yule bibi alikuwa amekaa barazani anaelekea jua. Mama alipofika getini akatupa kapu chini, akakimbia. Sijawahi kumwona anakimbia. Dada yake akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga, akamwinamisha, akamsogeza karibu mpaka pua zikagusana.

"Kovu la nyusi bado lipo," akasema. "Nilikuangusha mimi mtini."

"Ulisema niliteleza!"

"Nilimdanganya mama. Nilikusukuma."

Wakalia, wakacheka, wakapigana vibao vya mabegani. Mimi nilikuwa getini, mahali pangu, natazama barabara na kufuta macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Chakula kikaletwa. Mume wa binti, anaitwa Joseph, mtu mnene mchangamfu, Kiswahili anakijua, akachukua mwiko na kumwekea yule bibi mchuzi. Bibi akampiga kibao cha mkono. "Weka nyama, siyo mchuzi! Unadhani sioni?" Joseph akacheka, akamwita jina la utani.

Mama akavuta kitenge kikafunika uso mzima. "Dada! Si mkwe wako huyo?"

"Mkwe ndiyo. Tulishamfungulia zamani."

Kumbe wenzetu wanao mlo maalum, wana jina lake kwa lugha yao ambalo silitaji nisije nikakosea. Mkwe akishaishi vizuri na binti, wakubwa wa upande wa mke wanapika, wanakaa, wanampokea, na kuanzia hapo kukwepana kunakwisha. Heshima inabaki, kujificha kunaondoka.

Bibi akauliza, "Na wa kwako yuko wapi?"

"Yuko getini."

"Getini? Amekuja kuuza mkaa?"

Joseph akaangua kicheko. Mama hakucheka. Joseph aliniambia baadaye kwamba alisema kwa sauti ya chini kuwa yeye hawezi, mdomo wake umeshazoea, na kwao jambo hilo halipo.

"Lipo," bibi akasema. "Mama alilifanya kwa mume wangu. Wewe ulikuwa mdogo, ulifukuzwa ukachunge kuku. Wa kukufanyia wewe ni mimi, mkubwa wako, na mimi nilikuwa huku."

Mama akazidi kuvuta kitenge.

Bibi akamgeukia Bana Mulenga. "Hawa wamelalaje kwako?" Bana Mulenga akasimulia yote, lodge, bati la bluu, parokia, vitumbua, mimi kukimbia. Aliongeza na yasiyokuwepo, eti nilikuwa nahema kama ng'ombe.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mdogo wake maneno ambayo Joseph alikuja kunitafsiria pale getini, nami nayaweka hapa kama nilivyoyapata:

"Mtu amekutafutia mapaa mawili nchi ya watu ili asikuvunjie heshima. Unataka heshima gani nyingine kwake? Mimi jicho langu halisubiri. Nataka niwaone mmekaa mahali pamoja."

Siku hiyo mama hakujibu. Wala kesho yake. Nilimwona jioni amekaa nje ya kibanda chake, mgongo kwangu, anaota moto na kuiambia mbaula mambo ambayo sikuyasikia. Niliogopa, wakuu. Nilidhani asubuhi nitaambiwa tunarudi.

Jumatano Bana Mulenga akapiga sufuria, nikatoka. Akasema, "Mama anauliza una shati safi?"

Nilikuwa nalo moja.

Alhamisi mchana tukakaa. Kuku mzima, ugali wao mweupe laini, mboga za majani na karanga, na ule mchele wa Mamba. Vyombo vyote vimefunikwa vitambaa. Bibi akawa anafunua kimoja kimoja kwa kupapasa, anaeleza, Joseph anatafsiri. Nilikalishwa kwenye mkeka. Mama akakalishwa mbele yangu, karibu kuliko nilivyowahi kuwa naye maisha yangu yote.

Kazi yake ilikuwa kuninawisha mikono. Akashika jagi. Akamimina bila kutazama, maji mengi yakaishia kwenye suruali.

Halafu akainua uso. Akanitazama. Miaka kumi na nane nilikuwa mkwe wa kuchunguliwa kwa pembe ya jicho, leo ndiyo ananitazama.

"Kumbe una mvi," akasema.

Nikatafuta chungu cha kukiambia, hakipo. Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Skola hajaniambia."

Bibi alikuwa ameinama mbele, kichwa amekilaza upande ili lile jicho la kushoto litupate wote wawili. "Hapo hapo," akasema. "Msisogee. Nawaona."

Hatukusogea, wakuu. Ugali ulipoa tukiwa pale pale.

Tulikaa mpaka Jumatatu. Kurudi, tulikaa siti moja. Mama aliongea kuanzia Mbala hadi Sumbawanga bila kituo, alikuwa na akiba ya miaka kumi na nane. Nimejua mengi kuhusu mke wangu ambayo nitayatumia vizuri.

Nilichojifunza kwa sisi tunaopenda sehemu ndogo ndogo ugenini: picha ya kitanda haikuambii chochote. Usimweleze mwenyeji unataka chumba cha namna gani, mweleze uko na nani na mnaishije. Atakupeleka mahali ambapo wewe hukujua hata kupaombea. Na mila uliyobeba kutoka nyumbani kwa aibu, ukidhani wa mbele watakucheka, usiifiche. Huenda ndiyo itakayokufungulia mlango.

Sasa nina shida, nisaidieni. Jana mama amempigia Skola, akasema apewe Baba Deo. Akaniuliza Burundi ni mbali kiasi gani, na kama kuna ziwa.

Mwenye kujua nyumba ndogo nzuri upande wa Rumonge au Bujumbura, ya mtu, yenye kuku na maji ya moto asubuhi, aitaje hapa chini. Na nyie wengine mnaoishi na wakwe, semeni kwenu mambo yakoje. Nasoma kila comment, na mama nitamsomea.